Nimekutana na kocha uwanja wa ndege wa Bole, mpaka leo sijui ni nani. Nisaidieni

#1 Mzee wa Makontena

Wakuu salama?

Oktoba 2024 nilikuwa naelekea Guangzhou kwenye maonesho ya Canton, nikaunganisha ndege Addis Ababa. Ndege ikachelewa. Nimekaa karibu na soketi, nimevaa jezi ya Yanga ndani ya koti, akaja mzungu mtu mzima, kofia kaivuta mpaka kwenye nyusi, miwani myeusi na ni usiku. Akaomba nimpishe achaji simu. Nikampisha. Akaitazama jezi, akacheka peke yake, akasema kwa Kiingereza: hiyo timu ilininyima usingizi.

Nikajua huyu ni wa mpira. Tukapiga stori mpaka simu zetu zote zikajaa. Anaijua Kaunda, uwanja wa Yanga pale Jangwani, inavyojaa maji. Anajua basi la timu likitoka kambini siku ya derby linapita njia gani na kwa nini. Kafanya kazi Dar, kafanya kazi Nairobi, na "kule kwenye milima". Kiswahili anacho cha kuombea maji. Simu yake ilipoita aliongea Kifaransa.

Jina sikumuuliza. Mtu anaongea na wewe akiamini unamjua, unaanzaje kumwambia samahani mzee, wewe ni nani?

Kilichonifanya nilete uzi ni hiki. Alisema: "Dar kocha hafukuzwi kwa msimu mbaya, anafukuzwa kwa wiki mbaya." Nikacheka tu. Narudi Dar Novemba nakuta kocha wetu Gamondi kaondoka. Kafungwa na Azam 1-0, siku chache mbele kapigwa 3-1 na Tabora United, kwaheri. Tangu hapo yule mzee hanitoki kichwani.

Maswali mawili: ni nani, na alichosema ni kweli?

#2 Lunyasi Original

Picha hakuna, jina hakuna, miwani myeusi usiku. Mkuu ulikutana na fundi AC anarudi kwao.

#3 Takwimu Bila Soda

Tuchuje kitaalamu. Kifaransa, Dar, Nairobi, milima maana yake Kigali. Adel Amrouche. Harambee Stars 2013 hadi 2014, Taifa Stars 2023 hadi 2024, kisha Amavubi ya Rwanda. Msimamizi funga uzi.

#4 Ingwe Damu

Tulia kwanza. Amrouche alipewa Rwanda 2025. Jamaa anaongelea Oktoba 2024. Kigali angekuwa ameifanyia kazi lini, kwa ndoto?

Mimi nawapa jina lingine ambalo hamtalipenda: Luc Eymael. Mbelgiji, Kifaransa chake cha nyumbani. Alipita kwetu AFC Leopards, akapita Rayon Sports ya Rwanda, akaja kwenu Yanga. Nairobi, milima, Dar. Na "ilininyima usingizi" inaingia kama ufunguo.

#5 Wa Jangwani 1935

Huyo tulimtimua Julai 2020 kwa maneno ya kibaguzi aliyowatolea mashabiki wetu. Mtu wa namna ile hawezi kukaa na mwenye jezi yetu mpaka simu ijae, anacheka. Toeni jina hilo hapa.

#6 Mzee wa Makontena

Huyu wangu alikuwa mpole jamani. Alininunulia na kahawa.

#7 Lunyasi Original

Kwa hiyo umenunuliwa kwa kikombe cha kahawa. Utopolo bei rahisi.

#8 Mtu wa Ziwa

Nisome vizuri: nani kawaambia milima ni Kigali? Sisi Burundi tunaishi kwenye nini, mchangani? Amrouche alifundisha Intamba mu Rugamba, timu yetu ya taifa, kuanzia 2007 mpaka 2012. Miaka hiyo yote mnaifuta kwa sababu ninyi mkisikia milima mnaona matangazo ya "Visit Rwanda" kwenye jezi za Arsenal.

Kwa hiyo hoja ya Ingwe Damu ya tarehe haimtoi mtu. Bujumbura, Nairobi, Dar. Kifaransa anacho, kazaliwa Algeria, Ubelgiji kacheza na kuishi.

#9 Ingwe Damu

Bujumbura yenyewe iko kando ya ziwa, chini kabisa. Milima iko nyuma yake.

#10 Mtu wa Ziwa

Umewahi kutoka Bujumbura kwenda Gitega kwa basi? Nenda halafu urudi hapa tuongee kuhusu milima.

#11 Takwimu Bila Soda

Asante Mtu wa Ziwa kwa kuokoa heshima yangu. Naongeza: Amrouche na Kenya ana historia tamu, wakubwa mnaikumbuka ile sare ya 1-1 Calabar, Machi 2013. Nigeria walikuwa wametoka kubeba ubingwa wa Afrika mwezi uliotangulia, Kahata akawachapa, wakasawazisha mwishoni kabisa. Na Desemba ile ile Kenya wakabeba Kombe la Challenge la Cecafa nyumbani, Wanga mabao mawili mbele ya Sudan. Sasa nauliza: kocha mwenye Calabar kwenye CV anakaa na mgeni Bole bila kuitaja Calabar? Haiwezekani. Makocha huongelea sare kubwa kuliko ushindi mdogo.

Hapo nimejipinga mwenyewe, najua.

#12 Kibo Tena

Nimekuja na milima ya tatu. Patrick Aussems. Uchebe. Simba 2018 na 2019, baadaye AFC Leopards, na kabla ya hapo alifundisha timu ya taifa ya Nepal. NEPAL. Kama Nepal sio "kule kwenye milima", basi milima haipo duniani. Mbelgiji pia, Kifaransa pia.

#13 Ingwe Damu

Ala! Hiyo sikuiona ikija.

#14 Lunyasi Original

Uchebe hakuwahi kunyimwa usingizi na Yanga. Ligi ya 2018/19: mzunguko wa kwanza 0-0, wa pili tukawapiga 1-0, Kagere. Labda hakulala kwa furaha.

#15 Wa Jangwani 1935

Na Oktoba 2024 Aussems alikuwa kwenye benchi la Singida Black Stars. Angesema "nafanya kazi Tanzania", siyo "nilifanya kazi Dar".

#16 Kibo Tena

Singida siyo Dar. Ukiulizwa na mtu Bole utamwambia "nafanya kazi Singida" aelewe nini? Halafu ligi ilisimama wiki ya pili ya Oktoba kupisha mechi za timu za taifa, Stars tulicheza na Congo mara mbili, tukapoteza zote, 1-0 Kinshasa na 2-0 kwa Mkapa. Kocha wa klabu wiki hiyo anaweza kwenda kwao kusalimia. Mleta uzi, ilikuwa kabla au baada ya derby?

#17 Mzee wa Makontena

Kabla. Derby ya tarehe 19 niliisikilizia Guangzhou, ile Kijili kajifunga.

#18 Kibo Tena

Nimemaliza.

#19 Wa Jangwani 1935

Umemaliza nini? Umethibitisha kwamba inawezekana. Hata mimi inawezekana niwe mjomba wa Mo Dewji.

#20 Kamalondo

Bandugu, miye niko Lubumbashi, nawasoma tangu asubuhi. Mbona hamumtaji Robertinho? Yule mubrazili. Tunamujua vizuri sana, 2022 alikuja hapa na Vipers ya Uganda akatoa Mazembe kwa penati, kwenye uwanja wetu. Watu walirudi nyumba bila kusema neno. Halafu Simba wakamuchukua Januari 2023. Kigali alikuwa na Rayon Sports, aliwafikisha robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2018. Nairobi alipita Gor Mahia. Na Yanga walimufunga tano. Usingizi hapo utapatikana wapi?

#21 Lunyasi Original

Kamalondo mbona unaamsha waliolala?

#22 Wa Jangwani 1935

😂😂😂 5 Novemba 2023. Tano kwa moja. Kaka wa Lubumbashi njoo Jangwani nikupe uraia.

#23 Takwimu Bila Soda

Robertinho ana tatizo moja: Kifaransa. Na Nairobi hakukaa, Gor walimchukua 2020 akakwama kwenye suala la leseni ya CAF. Ila lipo la kumtetea, Oktoba 2024 alikuwa amerudi Rayon Sports, kwa hiyo kupita Bole ni jambo la kawaida.

Mzee wa Makontena, una hakika kilikuwa Kifaransa? Kireno na Kifaransa kwa sikio la Tandika vinaweza kuwa kitu kimoja.

#24 Mzee wa Makontena

Mkuu mimi nanunua mzigo na Wakongo na Waguinea miaka yote. Kifaransa nakijua kikisemwa hata kama sijui kinasema nini. "D'accord, d'accord" mara kumi.

#25 Sheikh Darajani

Yakhe, d'accord hata mie naisema na sijui Kifaransa.

Nipo Muscat. Hapa kwetu makocha kama hao tunakutana nao sana dukani, waliopita Afrika kisha wakaja Ghuba. Mmoja, jina nalistiri, alinisikia nazungumza na mke wangu katika foleni ya kulipia, akageuka akasema "karibuni chai". Tukacheka. Nilimuuliza umejifunza wapi, akasema kwa dereva wake. Nikamwambia basi huyo dereva wako hakuwa Mzanzibari, maana angekufundisha na adabu ya kusalimia kwanza.

Ninachotaka kusema: lugha ya simu si dalili. Watu hawa wana wake wa nchi mbalimbali, mawakala wa nchi mbalimbali. Micho Mserbia, kafundisha Uganda mara mbili, Rwanda, Ethiopia, Afrika Kusini, Misri, Zambia, Libya. Mtu kama huyo utamkuta anaongea lugha gani? Anaongea lugha ya aliyempigia.

#26 Mjukuu wa Kigogo

Sheikh umemtaja Micho halafu umempita. Rudini hapo! Micho alikuwa Yanga 2007. Rwanda 2011 hadi 2013, hiyo milima. Na Addis ni kwake kabisa, kafundisha Saint George. Nani mwingine kwenye orodha yenu anaweza kukaa Bole usiku kama yuko sebuleni?

#27 Ingwe Damu

Nairobi lini?

#28 Mjukuu wa Kigogo

Nairobi mtu anaweza kufanya kazi bila kuwa na timu ya Nairobi. Cecafa, semina, mechi za kirafiki.

#29 Ingwe Damu

Kwa hesabu hiyo hata mimi nimefanya kazi Dar, nilikuja harusi.

#30 Kampala Road

Waganda tunaomba heshima kidogo kwa Micho. Yeye ndiye alitupeleka AFCON ya 2017 baada ya kukosa tangu 1978. Na mleta uzi kasema mzee aliongea mpaka simu zikajaa LAKINI jina hakulitaja. Micho dakika moja ingetosha kukupa jina lake, falsafa yake na salamu za taifa zima. Mtu aliyemsikia kwenye mkutano na waandishi anajua nasema nini. Siyo yeye.

#31 Bi Funguo

Ninyi wanaume mmeshikilia jina, swali la pili hamjaligusa.

Nimekaa mapokezi ya hoteli moja Dar kwa miaka, makocha wa kigeni walikuwa wanafikia kwetu, wengine mkataba mzima hawakuwahi kupanga nyumba. Sisi tulikuwa tunajua kocha anaondoka kabla ya magazeti. Kocha aliyetulia halipi chochote, bili inakwenda klabu. Akianza kuja mwenyewe kaunta kuuliza "ni kiasi gani mpaka leo", ujue ameambiwa jambo. Akiomba nguo zake za dobi zirudi siku hiyo hiyo, amefukuzwa.

Na kweli huwa ni wiki. Sikuwahi kuona kocha anadhoofika taratibu kwa miezi. Jumapili watu wanapiga naye picha kwenye ngazi, Alhamisi anakula peke yake na wahudumu wanaogopa kumsogelea.

#32 Lunyasi Original

Bi Funguo tupe majina.

#33 Bi Funguo

Nikupe majina halafu nipate kazi wapi tena?

#34 Kibo Tena

Kwenye hilo la wiki, mifano ya zamani ni mikali kuliko ya Gamondi. Mnaikumbuka Nani Mtani Jembe? Bonanza la bia, mechi ya kirafiki, haina pointi wala haipeleki mtu Afrika. Desemba 2013 Simba 3 Yanga 1, Maximo akafukuzwa.

#35 Wa Jangwani 1935

Rekebisha. 2013 ile 3-1 iliondoka na Brandts, Mholanzi. Maximo aliondoka mwaka uliofuata, Desemba 2014, tulipofungwa 2-0 kwenye bonanza hilo hilo. Inauma kuandika lakini historia ni historia.

#36 Kibo Tena

Ndiyo inazidi kunipa nguvu. Makocha wawili, miaka miwili mfululizo, mechi ya bia!

#37 Takwimu Bila Soda

Na hamjamaliza hadithi. Kocha wa Simba aliyeshinda ile 2-0 ya 2014 alikuwa Patrick Phiri. Haukupita mwezi naye akaondolewa, walifungwa na Kagera Sugar. Yaani bonanza moja, makocha wote wawili waliokaa kwenye mabenchi hawakufundisha tena huko msimu ule. Hapo mzee wa Bole ana haki kabisa.

Ila nina mifano ya kumpinga. Aussems alitolewa Ligi ya Mabingwa na UD Songo Agosti 2019, bao la ugenini. Hakufukuzwa wiki hiyo. Alifukuzwa mwishoni mwa Novemba, ligi akiwa anaongoza. Miezi mitatu. Hiyo ni wiki gani?

#38 Lunyasi Original

Ilikuwa wiki ndefu.

#39 Mjukuu wa Kigogo

Mfano mwingine wa kumpinga ni Nabi wa Yanga. Fainali ya Shirikisho 2023 alipoteza kwa bao la ugenini, nyumbani 2-1 wakafungwa, Algiers wakashinda 1-0 na kombe wakaacha. Hakufukuzwa, aliondoka mwenyewe. Sven pia. Januari 2021 kaipiga FC Platinum nne bila, kaingiza Simba makundi, kesho yake watu wanasikia anakwenda FAR Rabat. Kwa hiyo kuna wiki nzuri pia inayoondoa kocha.

#40 Lunyasi Original

Sven usimtaje, bado sijapoa.

#41 Mtu wa Ziwa

Mimi naona mzee hakusema habari ya matokeo. Wiki mbaya ni ile ambayo watu wenye sauti kwenye klabu wanatofautiana wao kwa wao. Matokeo yanakuwa kisingizio tu. Robertinho miezi michache kabla ya tano alikuwa ameifunga Yanga hiyo hiyo 2-0, Inonga na Kibu, na Ngao ya Jamii akawatoa kwa penati Tanga. Derby mbili zake. Ya tatu ikafuta zote. Kama ni matokeo tu, mbili kwa moja bado anaongoza.

#42 Wa Jangwani 1935

Mbili kwa moja kwa mechi. Tano kwa moja kwa aibu.

#43 Ingwe Damu

Huku kwetu ni tofauti. Kocha Nairobi hafukuzwi, anaacha kulipwa mpaka ajifukuze. 😄 Hiyo ya wiki ni anasa ya klabu zenye hela.

#44 Mzee wa Makontena

Ingwe Damu umenikumbusha. Mzee alisema kuna sehemu "bado wananidai kahawa mimi ninawadai mishahara". Klabu hakuitaja.

#45 Lunyasi Original

Huyu mleta uzi anatoa taarifa kwa kijiko! Post ya 44 ndiyo anakumbuka mtu anadai mishahara!

#46 Kibo Tena

Basi ni rahisi, angalieni nani alifungua kesi FIFA dhidi ya

#47 Msimamizi

Nimekata post ya #46. Mambo ya madai jadilini bila kutaja klabu kama hamna hukumu mkononi.

#48 Mwanasheria wa Mchangani

Kwa kifupi tu, maana naona mnataka kuingia huko. Kocha wa kigeni akivunjiwa mkataba hapa hahitaji kwenda mahakama ya Kisutu. Kwa kuwa yeye ni wa nchi nyingine, shauri linakwenda FIFA. Akishinda na klabu isilipe ndani ya siku 45 tangu itaarifiwe, inafungiwa kusajili. Ndiyo sababu mnasikia dirisha linakaribia kufunguliwa, viongozi wanakimbia kutafuta dola. Kuna makocha ambao faida yao kubwa Afrika waliipata baada ya kufukuzwa. Kwa hiyo "wananyimwa usingizi" ni pande zote mbili.

#49 Kampala Road

Ndiyo maana mzee alicheka alipoona jezi.

#50 Dereva wa Zamani

Nimesoma uzi wote. Mmejuaje kwamba alikuwa kocha MKUU? Nimewaendesha hawa watu. Benchi la kigeni linakuja na kocha wa viungo, kocha wa makipa, mchambuzi wa video. Hao ndio wanaohama kwa kimya, leo Dar kesho Nairobi keshokutwa Kigali, na hakuna gazeti linalowaandika. Na hao ndio wanaojua basi linapita njia gani, kwa sababu wanakaa mbele na dereva. Kocha mkuu anakaa na simu.

#51 Takwimu Bila Soda

Duh. Hiyo imeharibu jedwali langu lote.

#52 Mjukuu wa Kigogo

Au wakala. Mawakala wanajua mambo ya ndani kuliko makocha na wanapenda sana kuitwa "coach".

#53 Bi Funguo

Wakala angeacha kadi. Sijawahi kuona wakala anaagana na mtu bila kuacha kadi.

#54 Mzee wa Makontena

Kadi hakuniachia. Lakini Dereva wa Zamani, mbona alisema "nilimwambia mwenyekiti"? Kocha wa makipa anaongea na mwenyekiti?

#55 Dereva wa Zamani

Timu zetu hizi? Mwenyekiti anaongea na kila mtu. Hata mimi alikuwa ananipigia kuuliza nani kachelewa kupanda basi.

#56 Sheikh Darajani

Hili la dereva limenikaa. Ila Mzee wa Makontena, ulipanda ndege kwanza wewe au yeye? Kama yeye, alikwenda mlango gani?

#57 Mzee wa Makontena

Yeye. Alinyanyuka, akanipa mkono, akaelekea upande wa milango ambayo wanaita Brussels. Ila upande ule ule walikuwa wanaita na Brazzaville.

#58 Ingwe Damu

Brussels: Eymael, Aussems, Amrouche. Nimewapunguzia kazi.

#59 Kamalondo

Na Brazzaville umeiacha kwa nini? Kwa sababu ni Afrika?

#60 Lunyasi Original

Aussems aliwahi kufundisha AC Léopards ya Congo Brazzaville, kama mnataka kuendelea kuumia.

#61 Kibo Tena

NIMEMALIZA KWA MARA YA PILI.

#62 Wa Jangwani 1935

Mtu ana kazi Singida, ligi inarudi siku chache zijazo, anakwenda Brazzaville kufanya nini? Kununua mkaa?

#63 Kibo Tena

Unamuuliza mzungu anakwenda wapi wakati wa mapumziko?

#64 Mama Kitenge

Habari zenu, mimi mpira siufuati sana, niliingia kwa sababu ya Guangzhou. Mzee wa Makontena, hiyo ndege ya usiku ya Addis ikichelewa wanatoa hoteli? Mara ya mwisho nililala kwenye viti na baridi ya pale ni ya kuua, watu hawasemi.

#65 Ingwe Damu

Mama, Addis iko zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Beba shuka la Kimasai.

#66 Mzee wa Makontena

Mama Kitenge, hoteli wanatoa kama saa za kusubiri ni nyingi na tiketi ni moja mpaka mwisho. Uliza kaunta kabla hujakaa, ukishakaa umeshajihukumu. Nitumie ujumbe pembeni tuongee na habari ya kontena, tunaweza kuchangia nafasi.

#67 Lunyasi Original

Uzi wa kocha umegeuka wakala wa meli.

#68 Mzee wa Makontena

Halafu wakuu, jingine nimelikumbuka sasa hivi namjibu Mama Kitenge. Mzee alisema siku ya kwanza alipofika hakuikuta timu Dar, alivushwa kwa boti kuifuata kambini visiwani. Aliumwa njiani mpaka wachezaji wakamcheka.

#69 Takwimu Bila Soda

Visiwani wapi? Unguja au Pemba?

#70 Mzee wa Makontena

Alisema "the island".

#71 Wa Jangwani 1935

Pemba ni sisi. Kambi za derby miaka ile Yanga ilikuwa inavuka Pemba. Kwa hiyo alikuwa kocha wetu.

#72 Lunyasi Original

Na Simba tulikuwa tunakwenda Unguja. Kwa hiyo alikuwa wetu. Na mtu huitaja jezi ya jirani kwamba ilimnyima usingizi, haitaji ya kwake.

#73 Sheikh Darajani

Yakhe, mtu wa Pemba hasemi kafika kwa boti kutoka Dar akanyamaza, maana safari ile ni ndefu na angeisimulia mpaka ndege ikaondoka. Mimi nasema Unguja.

#74 Dereva wa Zamani

Timu zote mbili zimeshakwenda kote kuwili, na nyingine zilipanda ndege. Niulizeni mimi, basi lilikuwa linabaki bandarini na mimi ndani.

#75 Mtu wa Ziwa

Amrouche na Taifa Stars haikuwa na kambi Zanzibar?

#76 Takwimu Bila Soda

Usianze. Nafuta jedwali, naandika upya. Micho simtoi bado.

#77 Kampala Road

Siyo Micho!!